Ngoja Niite Batoto

Katika studio yake ya picha mtaani Nyawera, Nsimire alikuwa amebakiwa na picha moja tu kwenye filamu, na bibi kizee aliyetoka kijijini Mumosho kwa miguu ili apigwe picha ya kwanza maishani mwake alikuwa amefumba macho.

"Koko, fungula macho," alimwambia. "Na mudomo usitikisike."

"Ngoja kwanza niite batoto. Bale saba balikufaka, nikabazika. Nikibaita, bataingia na mimi mu foto."

Nsimire alitaka kucheka, akashindwa. Kamera za kisasa, zile zinazojipimia mwanga na kufyatuka zenyewe, zingekuwa zimeshapiga zamani. Yake ilingoja. Ilimngoja yeye aamue.

Alitazama mwanga wa dirishani ulivyotua kwenye ile midomo iliyokauka. Akabana tundu la lenzi likawa dogo kama la sindano ili mwanga usizidi, akageuza gurudumu la kasi hadi kwenye alama ambapo kamera hukaa wazi muda wote kidole kinapobonyeza. Midomo ikitikisika itatoka kama ukungu. Na itoke.

"Ita, koko. Polepole."

Akabonyeza.

Majina yakaanza kutoka moja moja, kwa sauti ya mama anayeamsha watoto waliolala. La tano. La sita. La saba. Kidole chake kikaanza kulegea.

"Na ule wa nane, ule hakupata jina," bibi akanong'ona.

Kidole kikabaki palepale, kamera ikiwa wazi.