Vitu vya Marehemu Datius

Sumaiya aliinusa ile kofia ya ngozi kabla ya kuipima. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wa ndani, kisha akainusa tena.

"Uliwahi kuiosha, Bibi?"

"Niioshe?" Kokuhirwa alitabasamu. "Mjukuu wangu, hata vumbi lake naogopa kulifuta."

Juu ya meza ya sebuleni vilipangwa vitu vya mume wake wa kwanza, Luteni Datius Mushumbusi, rubani wa ndege za kivita. Kofia, saa ya mkononi, leso, na picha ya msichana aliyesimama mbele ya kanisa akizuia kicheko. Msichana yule alikuwa Kokuhirwa mwenyewe. Ndege ya Datius ilianguka ziwani wakati wa vita vya Kagera, na mwili wake haukupatikana. Katika kaburi lake, kwenye shamba la ukoo, pale kibanjani Kamachumu, walizika koti lake la kanisani.

Bukoba mjini kulikuwa kukiandaliwa makumbusho madogo ya vita. Sumaiya, mtafiti wao, alikuwa amekuja Muleba kuchunguza vitu hivyo na kuvipa thamani. Kokuhirwa hakuuliza bei. Alitaka viwekwe kwenye kabati la vioo, ili Mugisha, mwanawe ambaye hakuwahi kumwona baba yake, awapeleke watoto wakaone babu yao alikuwa mtu wa namna gani.

"Vilikufikiaje?" Sumaiya aliuliza.

"Alivileta mikononi mwangu Ildefons, mdogo wake Datius. Siku zile alikuwa akinunua samaki kule ziwani. Wavuvi waliviopoa majini kwa nyavu, wakampa yeye."

"Huyo ndiye mzee niliyemkuta nje?"

"Ndiye. Ndiye mume wangu sasa." Kokuhirwa aliinyoosha leso kwa kiganja. "Ukoo ndio ulioamua, waitu. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, ningekwenda wapi? Mwanzoni sikumpenda. Lakini hajawahi kunipandishia sauti. Amemsomesha Mugisha kama mwanawe. Na kaburi la kaka yake hulipalilia mwenyewe, hataki mtu mwingine aliguse."

Sumaiya aliifungua saa kwa nyuma. Ndani kulikuwa kunang'aa. Akaichukua leso, akasoma jina lililoandikwa pembeni.

"Hili uliliandika wewe?"

"Kwa kalamu ya wino ya shule. Nilitaka kulidarizi juu yake, lakini aliitwa vitani ghafla."

Sumaiya aliiweka leso chini polepole.

"Bibi, siwezi kuandika kwamba vitu hivi vilitoka ziwani."

"Kwa nini?"

"Wino huu ungeingia majini ungesambaa wote. Picha ingebanduka. Saa ingeota kutu. Havijawahi kulowa, Bibi. Na hii kofia haikupita kwenye moto wala kwenye ajali ya kutisha. Mkanda wake umefunguliwa vizuri, kwa mkono."

Kokuhirwa aliitazama leso. Maneno aliyokuwa akiyasimulia kanisani kila mwaka, siku ya kumwombea Datius, yote aliyapata kwa mtu mmoja. Wavuvi wenyewe hakuwahi kuwaona. Ghafla alimwona Ildefons kijana, amepiga magoti mgombani, anamvua saa kaka yake aliyelala anakata roho. Na baada ya hapo akarithi kibanja, nyumba, na yeye mwenyewe.

Ildefons aliingia akiwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ya kumkaribisha mgeni.

"Ildefons," mkewe alisema.

Mzee alisimama. Tangu waoane, mkewe alikuwa akimwita Baba Mugisha.

"Ulimuua?"

Hakuuliza nani. Aliviangalia vitu pale mezani, akamwangalia Sumaiya, akakiweka kikapu sakafuni.

"Hapana, Mama Mugisha. Sikumgusa."

"Ulimkuta mahututi ukamwacha afe."

"Hapana."

"Basi niambie. Nimelala kitandani kwako mpaka nimezeeka. Niambie."

Ildefons alivuta kiti akakaa. Mikono yake ilikuwa na udongo wa kibanjani, na alianza kuufuta kwenye suruali, mkono mmoja kisha mwingine, ingawa haukutoka.

"Aliruka na parachuti, akatua nchi kavu kabla ndege haijaanguka. Alikuja kwangu kwa miguu, mzima. Alikuwa anatetemeka. Alisema harudi tena angani hata wamfunge. Nikamtafutia mtumbwi wa kumpeleka Goziba. Kule kisiwani wavuvi hawamuulizi mtu ametoka wapi."

Kokuhirwa aliushika ukingo wa meza. Sumaiya alinyanyuka ili atoke, lakini bibi alimshika mkono akamzuia.

"Na vitu hivi?"

"Alivivua mwenyewe, akanipa nikuletee. Alisema usipoviona hutaamini kwamba yuko hai, na kwamba anakuita umfuate."

Nje, mbuzi alilia akanyamaza. Kokuhirwa alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alinisubiri?"

"Alisubiri," Ildefons alisema. "Mpaka nilipovuka kwenda kumwambia umekataa."