Nafasi ya Watu Wawili

Landrova ya serikali ilipunguza mwendo, ikatambaa kando ya Lowoi. Yeye hakugeuka.

"Mzee, panda! Merti bado mbali," dereva akaita.

Lowoi hakuwa mtu wa kusali. Aliyeweka nadhiri ni marehemu mkewe: kwenda kwa miguu kutoka Isiolo mpaka Merti, akisali katika kila kanisa la njiani. Alikufa akingoja gari kama hili limfikishe hospitali. Wakubwa walisema limejaa. Kweli lilijaa, lilijaa sukari ya chifu.

Sasa Lowoi alikuwa akiitimiza nadhiri hiyo polepole, na fimbo ya mkewe mkononi. Kila alipofika kanisani, fimbo ndiyo iliyowekwa kivulini kwanza.

Akasimama. "Iko nafasi ya watu wawili?"

"Si uko peke yako, mzee?"

"Siku ile mlikuwa na nafasi ya sukari."



Lowoi akatazama kichwa cha fimbo, pale kiganja cha mkewe kilipoulainisha mti mpaka ukang'aa.

"Mama watoto, unasemaje?" akauliza, akangoja jibu.

Dereva akazima injini.