Ushahidi wa Mume

Mke wa mchungaji alishika blauzi yangu nyekundu ya umoja wa wanawake. Hapa kwetu Mutoko, huvishwi mpaka mumeo ashuhudie kanisani kuwa unamtii.

Wiki nzima nilimfundisha mume wangu: "Wewe sema ndiyo tu, ukae."

Akasimama na mabuti yake ya shamba la tumbaku.

"Baba," mke wa mchungaji akamuuliza, "mkeo Maidei anakutii?"

"Huyu? Thubutu!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mimi nilivikodolea macho vifungo vya ile blauzi, vyeupe, vitano.

"Nilimwamuru anipikie pombe ya ulezi, akakataa. Nikapika mwenyewe, akaimwaga. Miaka tisa ananibishia! Leo nimesimama mbele yenu sijalewa, kwa ubishi wa huyo huyo."

Kicheko kikakatika.

Mke wa mchungaji akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja.

"Mama," akaniambia, "nyoosha mikono."