Nyuzi za Marehemu

Nilizungusha spana, ikagoma tena. Chuma cha kunyoosha kilichomo ndani ya shingo ya gita kilikuwa kimeganda kwa kutu, na mbao ikaanza kulia mkononi mwangu.

"Mama, iko inagoma. Niache nilegeze nyuzi kwanza, au shingo itavunjika."

"Fundi, nyuzi usiziguse. Mume wangu alizikaza mwenyewe, wiki ile aliyofariki."

Mukunde, yule mjane, aliinuka mara ya nne, akachungulia mlangoni pikipiki za mtaa wa Gisimenti, akarudi kukaa. Kesho binti yao alikuwa anaolewa, na gita la baba lilitakiwa kupigwa.

"Jaribu tena."

Niliweka spana mezani.

Akalivuta gita mapajani. Akaupiga uzi mnene mara moja, akausikiliza mpaka ukanyamaza. Kisha akashika kigingi cha uzi huo, akakizungusha mwenyewe mpaka ukalegea.