Mkono wa Sanamu

Haya ni kweli tupu, na nikitia hata chumvi ya kuonja, ziwa linimeze. Yule mwanajeshi wa sanamu pale ufukweni Mwanza, aliyewekwa kuwakumbuka waliokufa Vita vya Kagera, ni mimi. Mchongaji alinisimamisha juani miezi mitatu.

Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wageni kutoka Igoma, ndipo mama mmoja akasogea.

"Shikamoo, mzee. Hebu nionyeshe mkono wako wa kulia."

"Marahaba, mama." Nikauinua kwa maringo.

Akaushika, akaulinganisha na wa sanamu. Miaka yote ile sikuwahi kuhesabu. Vidole vyangu vitano. Vya sanamu vinne, na pa kile cha mwisho pamebaki kifundo tu.

"Baba alijikata kidole migombani kabla hajaenda vitani," alisema. "Mchongaji alifuata picha yake. Baba hakurudi, na kaburi hatuna. Tuna mkono huu tu."

Wageni wakanitazama. Nikaushusha mkono.

"Nisamehe, mama. Nikulipe nini?"

"Waambie hawa alikuwa nani."

Akaninong'oneza, nami nikavua kofia nikatangaza: Rwehumbiza, mkulima wa kahawa, alibaki nyuma mtoni ili wenzake wavuke. Nikamshukuru marehemu kwa sauti kubwa, kwa ajili ya vidole vyangu vyote na uzee huu ninaouchezea. Sauti ikatetemeka yenyewe.

Nilipofika pale alipowaangusha mamba wawili kwa ngumi, yule mama akanikanyaga mguu.

"Rudia, mzee. Bila mamba."

Nikarudia.