Yenye Tarehe na Isiyo na Tarehe

"Shika tu, mama. Pima hata uzito wake," mhudumu alisema, akazisogeza mbele yake saa mbili, kila moja kwenye sahani yake yenye namba, kwa mkono wenye glavu.

Yule mama akazishika, moja baada ya nyingine. Nzito zote. Uso mweusi zote, mkanda wa chuma zote, na mgongoni zimechorwa maneno yale yale: mita mia tatu. Ya sahani namba moja ilikuwa na kidirisha cha tarehe, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Ya sahani namba mbili haikuwa nacho. Tofauti ndiyo hiyo tu, basi.

"Ya mzee ni ipi?"

"Ngoja kwanza nivae miwani," akasema, na miwani ilikuwa tayari puani.

Mhudumu akaangalia pembeni kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomchoma.

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa! Alijua soksi ya mumewe inayotoboka kwanza ni ya kulia, kwenye kisigino. Alijua vijiko vyake vya sukari, na ubavu ambao akiulalia anakoroma. Lakini ule mkono wa kushoto, uliokuwa ukitua mezani mbele ya macho yake kila siku, hakujua umevaa nini.

Na wala si kwamba hakushirikishwa. Mumewe, mpiga mbizi wa bandarini, mtu wa kukwangua matumbo ya meli na kuchomelea vyuma chini ya maji, aliitamani saa hiyo ya wazamiaji mwaka mzima. Alikata picha mbili gazetini, akazilaza juu ya meza ya jikoni.

"Mke wangu, hebu nichagulie. Yenye tarehe au isiyo na tarehe?"

Yeye alikuwa anachambua maharage. "Chukua yoyote. Zote si saa?"

Kesho yake akauliza tena. Wiki nzima anauliza. "Saa yenyewe inashuka mita mia tatu," alisema akicheka, "mimi mwisho wangu arobaini."

"Basi iache ishuke peke yake. Bei yake ni friji na kabati juu."

Mwisho mume akazikunja zile picha, akazitia mfukoni. Mwezi uliofuata aliingia jikoni mkono ameunyoosha mbele, kama mtoto mwenye viatu vipya. "Nzuri," mkewe akasema, akaendelea kukoroga sufuria. Hakugeuka.

"Kazini kwao tumeuliza," mhudumu alisema taratibu. "Walinunua siku moja, duka moja, yeye na mwenzake. Mmoja yenye tarehe, mwingine isiyo nayo. Nani alichukua ipi, hakuna anayekumbuka."

"Zimesimama zote mbili," yule mama akasema, ili tu aseme kitu.

"Hazina betri hizo. Mkono wa mtu ndio unaozitembeza. Usipotikisika siku mbili tatu, zinalala."

Nje, kwenye benchi, mke wa huyo mwenzake alikuwa anasubiri. Binti wa juzi tu, ndoa yake haijatimiza miezi sita. "Ingia wewe kwanza, dada," alikuwa amemwambia, akikishika kiganja chake kwa mikono miwili. "Mimi kichwa hakipo kabisa, nachanganya hata rangi. Wewe umekaa naye miaka yote hiyo, huwezi kukosea. Utakayoiacha ndiyo yangu."

Huwezi kukosea. Masikio yakamwaka moto katika chumba kile chenye baridi. Angeweza kusema hajui. Neno moja tu. Lakini angetokaje pale mlangoni, akapite mbele ya yule mtoto wa watu, na neno lenyewe ndilo hilo?

Akakumbuka kitu. Kila asubuhi kwenye chai mumewe humuuliza, "Leo tarehe ngapi, mke wangu?" Hata baada ya saa kuja, hakuacha kuuliza. Na yeye hujibu huku anaosha vikombe, uso ukutani. Sasa mtu mwenye tarehe mkononi anaulizaje tarehe?

"Hii," akasema haraka, kidole kwenye sahani namba mbili. "Isiyo na tarehe. Ndiyo yake."

"Una hakika, mama? Tukishaandika, kubadilisha ni shida."

"Miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Nisiijue saa ya mume wangu?"

Mhudumu akainamisha kichwa. Akachukua kikadi chenye uzi, akaandika jina la mumewe kwa herufi kubwa kubwa. Na hapo, kalamu ikiwa bado inakwaruza, ndipo wazo jingine lilipomjia yule mama. Je, kama mzee alikuwa anauliza ili yeye ageuke tu, amtazame?

Akafungua mdomo. Aibu ikaufunga.

Mhudumu hakukifunga kikadi kwenye saa. Alikwenda nacho hadi kwenye ukuta wa milango ya chuma, akavuta droo namba mbili, akafunua shuka upande wa miguu tu, akakifunga kwenye kidole gumba.

"Uso tuuache, mama. Wamekaa majini siku nyingi," akasema. "Sasa mwite mwenzako, aje amchukue huyu wa namba moja."