Taa za Mtu Aliyetulia

Taa hazikuwaka.

Mama yake Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya chumba chenye giza, juu ya alama ya chaki. Miaka nenda rudi alikuwa akimuuliza, "Hivi mwanangu, kazi yako hasa ni nini?" Leo amekuja kuiona.

Kazi yenyewe ilikuwa taa mia mbili zilizoning'inia, na kamera moja. Mtu akitulia tuli, kamera inamtambua, taa zote zinawaka. Mwalimu alikuwa ameijaribu kwa mwili wake mwenyewe na kwa wanafunzi wake, vijana wenye afya zao.

"Tulia kidogo tu, mama."

"Nimetulia, baba. Nitulie vipi tena?"

Kwa mwanga wa mlangoni Mwalimu aliuona mkono wa kulia wa mama yake. Kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada bila kukoma, kama cha mtu anayevuta tasbihi, kama kilivyofanya tangu mwaka juzi.

Mwanafunzi mmoja akanong'ona, "Mwalimu, tupunguze ukali wa kamera?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Kompyuta ya kuirekebishia ilikuwa juu ya dari, na ngazi ilikwisha rudishwa.

Mama akacheka. "Hata taa zako zimenikataa! Basi, Mungu ananiona."

Mwalimu akamwendea, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaukaza, akaomba kimoyomoyo. Wakasimama hivyo, wamebana pumzi. Mkono ukazidi kutetemeka ndani ya mikono yake.

"Nimeona," mama akasema gizani. "Inapendeza, mwanangu. Inapendeza sana."